Kitufe cha Juu ya Kiti

Tarehe 4 Aprili

Kwa Bibi, mama yetu sote, ambaye kiti chake naomba kiwekwe mbali na upepo wa dirisha. Kwa mdogo wangu, atakayeshika nafasi yangu leo. Kwa Shangazi wa watoto, binti yetu. Kwa shemeji zangu. Na kwenu vijana mlioketi sakafuni karibu na mlango kwa kuwa viti havikutosha:

Nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Nyonga yangu haijaunga na daktari amenikataza ngazi, sembuse safari ya siku nzima. Kwa hiyo nimemwomba binti yangu, Mwalimu, awasomee barua hii neno kwa neno, bila kupunguza makali wala kuongeza sukari. Akikosea, mkosoeni. Yeye amenikosoa mimi miaka yote.

Yaliyotukutanisha mnayajua, lakini nitayataja, maana kikao kinachoogopa kutaja jambo lake hakiwezi kuliamua. Tarehe 11 Januari, asubuhi, mke wa kijana wetu Fundi alipanda ndege pamoja na watoto wake wawili: Maswali, binti wa miaka mitano, na Kibonge, aliyekuwa na miezi kumi na minne. Walikuwa wanakwenda likizo. Fundi, ambaye anatengeneza injini za ndege katika karakana ya ughaibuni, alikuwa amepata siku kumi na nne za mapumziko. Kwa mara ya kwanza tangu Kibonge azaliwe, wangekaa wanne pamoja kwa wiki mbili nzima, katika hoteli iliyo kando ya ziwa. Safari ilikuwa ya saa sita. Kibonge alifariki ndege ikiwa bado angani, dakika arobaini kabla ya kutua.

Hospitali iliandika kwamba ni nimonia, na kwamba mtoto alihema kwa taabu kwa muda usiopungua saa mbili. Ndani ya ndege ile kulikuwa na mitungi ya oksijeni. Kulikuwa na wahudumu sita waliofunzwa kuitumia. Kulikuwa na daktari wa watoto, safu nane mbele, akisoma gazeti lake. Na juu ya kiti cha mama kulikuwa na kitufe cha kumwita mhudumu. Mama hakukibonyeza.

Mwezi Februari, kwa maneno makali ambayo sikuyapenda, mliamua Maswali akae kwa Shangazi mpaka mambo yaeleweke. Mambo hayajaeleweka, na mtoto ameshaanza shule huko. Siwezi kukubali mtoto atengwe na mama yake kwa fununu, wala arudishwe kwa huruma tupu. Naelekeza hivi: mama wa mtoto aandike, aeleze kwa nini hakubonyeza. Fundi aandike. Shangazi aandike anavyomwona mtoto. Kila barua isomwe mbele ya wote. Kisha nitaamua, kama mlivyonikabidhi, jambo moja tu: Maswali ataishi na nani.

Wenu,
Baba Mkubwa
Mkaguzi wa shule mstaafu


Tarehe 15 Aprili

Kwa Bibi, kwa Baba Mkubwa, kwa Baba Mdogo anayeongoza kikao, kwa wifi yangu, na kwa wote mliopo:

Shikamooni wakubwa zangu. Mmeniuliza kwa nini sikubonyeza kitufe. Nitaeleza yaliyotokea, nanyi mtapima.

Tulipewa viti dakika za mwisho. Mimi nilikaa dirishani, Kibonge mapajani, Maswali katikati. Upande wa njia alikaa bwana mmoja mnene aliyelala hata kabla ndege haijaruka. Kibonge alikuwa na mafua tangu juzi yake, mafua ya kawaida, nilidhani. Tulipopanda juu alilia kwa sababu ya masikio, nikamnyonyesha, akanyamaza. Nilishukuru kwa kunyamaza kwake.

Mhudumu alipita na kigari cha vinywaji. Akauliza, "Mko salama hapa?" Nikasema, "Tuko salama, asante." Alipopita mara ya pili akauliza, "Mtoto kalala?" Nikasema, "Kalala." Hakuwa amelala. Macho yake yalikuwa nusu wazi, na nilikuwa nimemfunika kidogo na mtandio wangu.

Katika saa ya tatu niliona pua zake zikitanuka kila anapovuta pumzi, na ngozi iliyo chini ya mbavu ikiingia ndani. Yule bwana alikuwa na saa mkononi. Nilihesabu pumzi za mwanangu kwa saa ya mtu aliyelala. Nilipata sitini na nane kwa dakika. Nikafikiri nimekosea. Mimi ni mshonaji, nimezoea kupima mara mbili kabla ya kukata. Nikahesabu tena. Nikapata sabini na moja.

Nilikitazama kitufe. Kilikuwa na picha ya mtu mdogo. Sikukibonyeza. Ndege ilipoanza kushuka, mhudumu alikuja kukagua mikanda, akaufunua mtandio, ndipo watu wakaanza kukimbia.

Sina sababu ambayo ningependa kuiandika. Mnaposema nilikaa kimya, mnasema kweli.

Ninachoomba ni mwanangu aliyebaki. Kama hilo ni kubwa mno, basi naomba wifi yangu ajue kwamba Maswali husukwa kuanzia kisogoni, ukianzia mbele hulia. Na mlango wa bafu usifungwe kabisa akiwa ndani.

Wenu mnyenyekevu,
Mama Maswali


Tarehe 22 Aprili

Kwa Baba Mkubwa, na kwa kikao:

Shikamoo. Nimeisikia barua ya wifi yangu ikisomwa. Bibi alilia. Mimi sikulia, na nitasema kwa nini.

Mimi ni muuguzi wa wadi ya watoto, mwaka wa kumi na tisa huu. Mtoto anayehema mara sabini kwa dakika hafanani na mtoto aliyelala. Hata mama wa mara ya kwanza huona. Wifi yangu aliona, akahesabu, akahesabu tena, halafu akamfunika. Hayo kayaandika mwenyewe kwa mkono wake. Mnataka nimwambie nini mtu kama huyo? Pole kwa kupima mara mbili?

Kuhusu mtoto. Anakula vizuri, anasoma, na jina lake halijamwisha: jana kaniuliza kama samaki hupiga chafya. Lakini uko mchezo mmoja unaonitia wasiwasi. Akitoka shule hupanga viti vyangu vya sebuleni safu mbili, anawaketisha wanasesere na dubu wake, anawafunga mikanda ya kanga. Siku moja nilikaa nao.

"Huyu vipi, mbona analia?" nikamuuliza.

"Ana kiu."

"Basi tumwitie mhudumu amletee maji."

Alinitazama kama niliyetukana mbele za watu. "Shangazi! Hatuiti. Sisi ni wageni wa baba. Wageni hawasumbui."

"Hata mtu akiwa na kiu?"

"Atakunywa tukifika."

Kisha, Baba Mkubwa, akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Yuko mwanasesere mkubwa, yule wa kitambaa, ambaye humketisha dirishani. Aliuinua mkono wa yule mwanasesere juu, halafu ghafla akaukamata kwa mikono yake yote miwili, akaushusha kwa nguvu, akaukalia. Alikaa hivyo juu ya ule mkono kwa muda mrefu.

Nikamuuliza, "Nani kakufundisha hivyo? Mama?"

Akaanza kunieleza habari za samaki.

Mimi nimekwisha kuelewa. Mtoto huigiza alichotendewa. Huyo mama alimfinyia mtoto mikono chini ili asiombe hata maji, na akamfinyia mdogo wake pumzi kwa mtandio. Nasema kwa uchungu, si kwa chuki. Nilimpenda wifi yangu. Nguo niliyovaa siku ya harusi yangu kaishona yeye. Lakini mtoto huyu hatoki kwangu.

Wako,
Shangazi


Tarehe 2 Mei

Kwa Bibi, kwa Baba Mkubwa, kwa wakubwa wote na ndugu zangu:

Shikamooni. Nawashukuru kwa kubeba msiba wangu kana kwamba ni wenu, maana kweli ni wenu. Nasikitika kwamba siwezi kufika. Karakana ina ndege tatu zinazosubiri ukaguzi mkubwa, na ruhusa yangu niliimaliza kwa mazishi.

Mmeniagiza niandike. Sina mengi. Mimi sikuwemo ndegeni. Nilikuwa nimesimama upande wa kutokea abiria na maputo mawili mkononi. Yaliyotokea juu anayajua Mungu na mama watoto. Yeye ni mtu mzima, alikuwa na akili zake, na kila mtu hubeba lililo lake.

Naona ni vema Maswali aendelee kukaa kwa dada yangu kwa sasa, kwa kuwa huko kuna utulivu. Sitaki maneno zaidi. Maneno hayatamrudisha Kibonge. Naomba kikao kifungwe.

Wenu,
Fundi


Tarehe 9 Mei

Kwa Fundi, mwanangu:

Barua hii haitasomwa kikaoni. Naandika mwenyewe, nafunga mwenyewe, na jibu lako nitalifungua mwenyewe. Nakupa ahadi hiyo kwanza, kisha nakuuliza.

Nilikagua shule miaka thelathini na moja. Walimu wengi walinidanganya, wengine kwa ustadi mkubwa, na dalili ilikuwa ile ile kila mara: mwalimu anayeficha jambo huomba ukaguzi uishe mapema. Wewe umeomba kikao kifungwe.

Dada yako ameandika kwamba Maswali huwaambia wanasesere wake, "Sisi ni wageni wa baba, wageni hawasumbui." Dada yako anaamini ni maneno ya mama yake. Mimi sidhani. Mama hasemi "wageni wa baba." Hayo ni maneno ya mtu anayewatazama abiria kwa jicho la kampuni ya ndege. Na yana harufu nyingine ninayoijua, ambayo siitaji hapa kwa sababu naogopa.

Uliwaambia nini kabla hawajapanda?

Baba Mkubwa


Tarehe 19 Mei

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nimeiandika barua hii mara nne. Hii ndiyo fupi kuliko zote.

Wale hawakuwa abiria wa kawaida. Walisafiri kwa tiketi za wafanyakazi. Kampuni hutupa kila mwaka: mnapanda pakibaki viti, msipopata mnarudi nyumbani bila neno. Sharti ni kwamba familia ivae vizuri, isibishane, isidai huduma maalumu. Abiria mmoja akilalamika juu yao, ripoti inakuja kwa mfanyakazi. Tuna mwenzetu karakanani tunayemwita Sufuria. Mkewe aligombania kiti cha dirishani. Ripoti ilikuja kabla mke hajafika nyumbani. Tiketi zake zilifungwa, na jina lake likaondolewa katika orodha ya kupandishwa daraja. Jina langu mimi lilikuwa katika orodha hiyo hiyo mwezi huo huo.

Kwa hiyo nilipokuja mwezi wa Novemba niliwafundisha. Nilipanga viti vya sebuleni safu mbili. Nilikuwa mhudumu, nikapita na sinia, nikauliza, "Mko salama?" wakajibu, "Tuko salama, asante." Tulicheka sana, Baba Mkubwa. Mama watoto alikuwa akisahau makusudi: "We mhudumu, chai yangu ina nzi!" Ndipo Maswali anamkemea. Maswali ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote, nikampa cheo, nikamwita kiranja wa safari. Nilimwambia, "Mama akisahau, wewe mkumbushe. Mkisumbua watu, baba atafukuzwa kazi." Nilisema kwa utani. Kisha nilipofika huku nikawaandikia barua ya kukumbusha, ukurasa mmoja, na humo niliandika wazi: kitufe msibonyeze kwa lolote.

Sasa nikuambie lile ambalo hakuna anayelijua. Kampuni haisemi hivyo. Karatasi ya masharti ina mistari saba. Mstari wa nne unasema: katika ugonjwa au hatari yoyote, mjulishe mhudumu mara moja. Pale sebuleni niliwasomea mistari sita. Ule wa nne niliuruka, kwa sababu ulikuwa mrefu na watoto walishachoka, na kwa sababu niliona unafungua mlango wa visingizio. La kitufe nililiongeza mimi, ili tuwe salama zaidi.

Hospitalini nilimwambia mke wangu, "Ukiulizwa, sema hukujua. Nikipoteza kazi tutakuwa tumepoteza vyote." Nikamwambia aichome ile barua. Aliitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo hajanitaja mbele ya mtu yeyote, nami nimemwacha asulubiwe.

Umeniandikia kwamba maneno yale yana harufu unayoijua. Ndiyo. Nilikuja kwako nikiwa na miaka tisa, baba yangu amefukiwa wiki iliyotangulia. Ulinishika bega mlangoni ukaniambia, "Hapa ukae kama mgeni mwema, mgeni mwema hasumbui." Mwaka ule niliugua homa siku tatu nisiseme. Nilijivunia. Silaumu. Naeleza tu nilikolipata somo.

Nakuomba usinianike.

Fundi


Tarehe 27 Mei

Kwa Mama Maswali, binti yangu:

Nimejua juu ya viti vya sebuleni, na juu ya barua uliyoagizwa uichome. Aliyenieleza ni mwenyewe. Huna tena wa kumficha kwangu.

Nilikuuliza kikaoni, mbele ya watu. Leo nakuuliza tukiwa wawili, na jibu lako halitakwenda kwa mwingine bila idhini yako. Uliandika kwamba huna sababu ambayo ungependa kuiandika. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni kiburi. Je, sababu ni agizo la mumeo tu, au lipo jingine?

Na unisamehe kwa neno "hakukibonyeza," ambalo niliagiza lisomwe mbele ya Bibi.

Baba Mkubwa


Tarehe 5 Juni

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua sikuichoma. Ipo ndani ya mto wa kiti changu cha cherehani, nimeishona humo. Sikuihifadhi ili kumshtaki. Niliihifadhi ili siku nikianza kuamini maneno ya watu, niisome.

Lakini umeuliza kama lipo jingine, na umeahidi. Lipo.

Nilinyoosha mkono.

Nilipopata sabini na moja, agizo la mume wangu lilinitoka kichwani. Nilinyoosha mkono juu, kidole kikakaribia. Maswali aliuona mkono wangu. Alikuwa amekaa kimya safari nzima, amenyooka kama askari, kiranja wa safari. Akaurukia. Aliushika kwa mikono miwili, akaushusha, akaukalia. Akaninong'oneza, "Mama, umesahau. Baba atafukuzwa." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Aliogopa kweli.

Shangazi ameandika kuhusu mwanasesere wa kitambaa. Barua yake iliposomwa kikaoni mimi nilikuwa kwenye kona ile ya mlango wa jikoni. Nilijua mwanasesere yule ni nani. Nilishukuru kwamba hakuna mwingine aliyejua.

Usidhani namtupia mtoto mzigo. Mikono ya mtoto wa miaka mitano si pingu. Ningeweza kuutoa mkono wangu kwa urahisi kama unavyotoa sindano kwenye hariri. Sikuutoa. Niliupokea uzito wake kama sababu. Nilijiambia, ngoja kidogo, labda Kibonge atapumua vizuri, Maswali mwenyewe kanikumbusha. Hayo ndiyo yangu, na nitakufa nayo.

Ila yeye asife nayo. Sasa hajui. Anacheza tu. Lakini ana miaka mitano, na jina lake ni Maswali. Siku moja atajumlisha mkono na kitufe na Kibonge, hasa akiishi katika nyumba ambayo kila siku linatajwa swali la kwa nini mama hakubonyeza. Ndiyo maana namtaka nyumbani. Si kwa sababu mimi ni mama bora. Kwangu hakuna atakayeuliza.

Waache waniite nilivyoitwa. Ukiniambia nichague kati ya jina langu na hili, nimekwisha kuchagua tangu tulipotua. Hata Fundi hajui. Akijua, atajua pia ni nani aliyempa mtoto cheo kile, naye hatainuka.

Usiwasomee.

Mama Maswali


Tarehe 20 Juni

Kwa Bibi, mama yetu, kwa mdogo wangu unayeongoza, kwa Shangazi, binti yetu, ambaye miezi hii minne amemlea mtoto kwa mikono safi, kwa shemeji zangu, kwa vijana, na kwa Fundi, aliyewasili jana kwa agizo langu, na ambaye naamini ameketi karibu na mlango kama alivyozoea tangu utoto. Fundi, sogea mbele. Mpeni kiti.

Naileta kwenu hukumu mliyonikabidhi. Mwalimu, soma polepole.

Nilianza jambo hili nikiagiza kila barua isomwe mbele ya wote. Nimelivunja agizo langu mwenyewe. Nimepokea barua ambazo sitazisoma kwenu, leo wala kesho, na nitakapofukiwa nitafukiwa nazo. Mtasema mzee amepindisha utaratibu. Nimeupindisha. Nilidhani ukweli wote hufaa kusomwa kwa sauti mahali penye watu wengi. Nimejifunza, nikiwa na umri wa miaka sabini na mbili, kwamba sivyo.

Mtakayoambiwa ni haya. Mama alisafiri akiwa ameagizwa asikibonyeze kitufe kile kwa lolote. Agizo hilo halikuwa la kampuni. Aliyelitoa yumo humu, na barua hii itakapokwisha atasimama alieleze kwa kinywa chake, kwa sababu nilimwahidi kwamba mimi sitalisema, naye ameniahidi kwamba atalisema. Msimkatize. Msimpige kwa maneno. Atakapomaliza, mtakuwa mmesikia ya kutosha kumchukia, na ninawaomba msitumie nafasi hiyo.

Ikiwa mnatafuta mahali agizo hilo lilipozaliwa, lilizaliwa mlangoni kwangu. Nilimpokea mtoto yatima wa miaka tisa nikamwambia akae kama mgeni mwema. Nilidhani namfunza adabu. Nilimfunza kuugua kimya, naye akawapa wanawe kilichokuwa bora kuliko vyote nilivyompa. Miaka yote nimesifiwa kwa kijana niliyemlea. Sifa hizo nazirudisha.

Shangazi, ulichokiona katika mchezo wa mtoto ulikiona sawasawa, ila ulikisoma vibaya. Mama yake hakumfinya mikono. Nakuomba uniamini bila kuuliza zaidi. Wewe ni muuguzi: unajua kuna vidonda ambavyo ukivifungua kuvitazama, unavitia uchafu.

Katika daftari la kumbukumbu za familia, Mwalimu ataandika hivi, na kila mtu mzima atatia sahihi: "Mama hakunyoosha mkono kwa kitufe kwa sababu alikuwa ameagizwa asinyooshe." Maneno hayo hayo, bila kubadilisha hata moja. Atakayeulizwa na mtoto yeyote wa ukoo huu, leo au miaka ishirini ijayo, atajibu hivyo hivyo. Nimeyapima maneno hayo kuliko maneno yoyote niliyowahi kuandika katika kazi yangu, na nayabeba mbele ya Mungu mimi peke yangu.

Sasa uamuzi. Maswali anarudi kwa mama yake leo. Si mwisho wa mwezi, wala si muhula ukiisha. Kuanzia saa hii hakuna mtu wa familia hii atakayemuuliza mtoto yule habari za safari ile, iwe kwa mzaha, kwa huruma, au kwa kumbembeleza. Akipanga viti, mwacheni apange. Akisema, msikilizeni. Msiulize. Atakayevunja hilo asihesabu tena kwamba ana nafasi katika kikao chetu, hata awe nani.

Nyumba ya mshonaji iko mitaa mitatu kutoka hapo mlipo. Mtakwenda nyote kwa miguu, Bibi akisukumwa katika kiti chake cha magurudumu. Shangazi atabeba nguo za mtoto. Fundi atatangulia. Mtabisha hodi, na mtaomba radhi kwa yaliyosemwa mwezi Februari, mmoja baada ya mwingine, mkianza na waliosema kwa sauti kubwa zaidi. Kisha mtaondoka, kwa kuwa mtoto hutoka shule saa sita na nusu, na getini atakayemsubiri ni mama yake, peke yake.

Barua hii itamalizika kusomwa kama saa nne na nusu. Fundi, simama useme. Wengine, vaeni viatu.

Baba Mkubwa